Likizo ya Ulimi wa Kambarali

Rishton, 27 Machi

Dada yangu Sanobar,

Nakuinamia mpaka kiuno kilie, maana ndiwe uliyenibeba mgongoni ukiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo hujaacha kunikumbusha uzito wangu. Huku tupo. Mke wangu Robiya mzima, sauti yake nzima zaidi. Mbuzi kazaa mapacha. Mjukuu wetu Zulhumor kaposwa na mtoto wa mfinyanzi, kijana mpole, masikio kama mikono ya birika, na harusi ni tarehe 13 Julai. Pilau ya wageni wa kiume, watu mia tatu, atapika nani? Hata usiulize. Ni nani aliyelisha manowari nzima kule Murmansk enzi za jeshi, mpaka kapteni, Mrusi mrefu kama nguzo ya umeme, akalilia ukoko?

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii si simu, ni redio. Robiya huifungulia sauti na ukoo wote huizunguka kama wanaota moto. Na hili si la kuota moto.

Ni yule mpangaji wangu. Unajua alianzia utumboni, kisha akahamia ini bila kuaga. Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, nakwenda hospitali ya mkoa, nakaa kitini, wananitundikia dripu. Daktari wangu ni binti anaitwa Munavvara, mwembamba kama uzi wa cherehani. Anasema dawa haitamfukuza mpangaji, lakini inamfungia chumbani asizurure. Vema. Lakini dada, dawa imenichukulia ulimi. Asali ina ladha ya msumari. Nyama ni msumari wa kuchemsha. Vidole vina ganzi, maji baridi yananiuma kama nyuki, karoti nakata nimevaa glavu za Robiya zenye maua.

Sasa juzi yule binti alinitazama akaniambia nipate *dam*. Kwa watu wa kawaida dam ni kuvuta pumzi, kupumzika. Lakini mimi ni mpishi. Kwangu dam ni pale mchele umeshakunywa maji, unaurundika katikati ya karai, unafunika, unauacha. Nikamwelewa mara moja: tufunike, tuache. Yaani dawa ikae kando mpaka harusi ipite, ulimi urudi nyumbani, nipike kama mtu. Wewe unasemaje?

Mdogo wako, bingwa wa karai kutoka Fergana mpaka Bahari ya Barafu,
Kambarali

*

Gurlan, 14 Aprili

Mdogo wangu Kambarali,

Barua yako imechukua siku kumi na nane. Ingepanda punda, ingefika jana na punda angekuwa ameshiba. Salamu tumezipokea. Magoti yangu yananijulisha hali ya hewa vizuri kuliko televisheni. Ng'ombe anatoa maziwa, mkwe wangu anatoa maneno, vyote vingi. Zulhumor mbusu paji la uso. Masikio ya bwana harusi yasikutie hofu. Mume anayesikia ni bahati.

Nimeona kapteni amerefuka. Mwaka jana alikuwa mrefu kama mlango. Akifika nguzo ya umeme, mwakani atashika mawingu. Nimeona pia bado unajiita bingwa, wewe na wenzako wa Fergana mnaokoroga pilau kama mafundi wanaochanganya zege. Sisi wa huku Khorezm tunapanga tabaka kwa tabaka, hatugusi, tunaiheshimu.

Haya, la maana. Yule binti alisema dam gani? Ya wiki ile, ulale mchana na uache kubeba makarai? Au dam ya kuacha dawa? Mtu akitaka kusikia jambo, masikio huota yenyewe, hangoji kuzaliwa nayo kama mkweo. Na kama ni kuacha, mpaka lini? Barua nzima umeniandikia kuacha. Hukuniandikia kurudi.

Sisemi usipumzike. Sisemi chochote bado. Muulize daktari, halafu nijibu haya mawili: dam gani, na mpaka lini.

Nimekutumia tikiti lililokaushwa, lile la kusokotwa, kutoka shamba la marehemu mume wangu Matyakub. Alililima shamba lile mpaka... Basi, kula.

Dada yako,
Sanobar

*

Rishton, 20 Mei

Dada yangu mpenzi, jicho la ukoo,

Salamu tele kama wali wa harusi! Mbuzi wale mapacha wameshakula shati langu moja. Robiya anashona mapazia ya bibi harusi na kunishonea mimi maneno. Lozi zimepukutisha maua, mvua imetosha, serikali imetuwekea lami mpaka kwa mfinyanzi, halafu ikakumbuka kwamba haikuweka bomba, ikaichimba.

Mwezi uliopita nilipika kwa jirani yetu Abdusattor, sherehe ya kumtahiri mjukuu wake, watu mia mbili. Dada, watu walikula kimya! Kimya kama msikitini! Kisha mmoja mmoja wakaja kunishika mkono: "Barakalla, fundi, mikono yako isione maradhi!" Hata kule Murmansk sikushikwa mkono hivyo.

Tikiti lako lilifika. Mwenyezi Mungu akulipe. Nimelila peke yangu nyuma ya banda, mbuzi wakiniangalia. Utamu wake ulinipanda mpaka nyuma ya sikio! Mwishoni kuna kauchungu kadogo kama moshi, ndiko kanakonimaliza. Utume jingine.

Mengine shwari.

Mdogo wako,
Kambarali

*

Gurlan, 28 Mei

Kambarali,

Salamu fupi.

Mwezi wa tatu asali ilikuwa msumari. Mwezi wa tano unaonja kauchungu ka moshi katika tikiti langu.

Mimi niliuza matikiti sokoni miaka thelathini, hesabu hainisumbui. Uliniandikia kila wiki tatu, Jumatatu. Nimechukua kalenda ya mkwe wangu. Kulikuwa na Jumatatu ya tarehe 15 Aprili, ya tarehe 6 Mei, na ya jana. Katika hizo tatu umekwenda ngapi?

Andika tarakimu. Kapteni asiingie.

Sanobar

*

Rishton, 6 Juni

Dada,

Moja.

Nilikwenda tarehe 15 Aprili. Basi. Sasa kaa vizuri nikueleze, na usimweleze mtu, hata ng'ombe.

Sherehe ya Abdusattor ilikuwa tarehe 28 Aprili. Wewe umekaa Khorezm, lakini umezaliwa hapa, unajua pilau yetu uhai wake ni mchuzi. Nyama na karoti vikishaiva, kabla mchele haujaingia, mpishi anaonja mara moja, na mchuzi lazima uwe na chumvi kupita kiasi, maana mchele utainywa. Nikatia chumvi. Nikaonja: msumari. Nikatia tena. Nikaonja: msumari uleule. Nikajiambia, Kambarali, unazeeka, unaogopa chumvi kama bibi. Nikatia tena.

Walikula, dada. Watu mia mbili walikula na kunywa chai kama ngamia waliotoka jangwani. Kimya nilichokusifia ni kimya cha watu wanaomeza. Wakanishika mkono wakasema barakalla, nikavimba. Hapo sikujua kitu.

Nilijua wakati wa kuondoka. Unakumbuka sarkit, lile fungu analochukua mgeni kuwapelekea watu wake nyumbani, wapate baraka ya karamu? Kila mtu alikuja na kifuko chake mfukoni, kama kawaida. Kila mtu akaondoka nacho kimekunjwa. Hata Hoji Vali, ambaye alibeba sarkit kwenye kilio cha mama mkwe wake mwenyewe, alitoka mikono mitupu, akipiga chafya za uongo. Nikachota punje kidogo, nikampa paka. Paka akanitazama kama hakimu.

Mtu akiitukana pilau yangu, namjibu, ninayo majibu ya lugha tano. Lakini wale walinihurumia. Walinihurumia na midomo imejaa.

Ndiyo maana tarehe 6 Mei nilitoka nyumbani na mfuko wa hospitali, nikakaa kilabu cha chai pale kituo cha mabasi mpaka adhuhuri, nikarudi nimejilegeza. Robiya akanikanda miguu. Tarehe 27 nikafanya vilevile. Akanichinjia kuku. Kuku yule alikuwa na ladha, dada! Ndiyo iliyonichoma.

Daktari sikumuuliza. Angenijibu nini? Mpangaji haondoki hata nikinywa dawa miaka kumi. Basi nichague: niishi na ulimi kidogo, au nikae muda mrefu nikilamba misumari? Hilo nalo ni swali, usilidharau kwa kuwa limeulizwa na mtu wa darasa la saba.

Kambarali

*

Gurlan, 14 Juni

Mdogo wangu,

Habari za nyumbani leo zitaningoja.

Silidharau swali lako. Ni swali la mtu mzima. Ila umelifanyia mambo ya kitoto: kujificha kituo cha mabasi, ukakandwa miguu kwa uchovu wa kunywa chai. Robiya akijua, mpangaji atakuwa tatizo lako dogo.

Sasa nitakuandikia jambo, na ukilisoma ulichome.

Nyote mliamini maneno yangu kwamba Matyakub alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulikuwa kama wa fahali. Ilikuwa kansa ya tumbo. Alipigwa dripu nne, zikamchosha, akaniambia: "Sanobar, nipumzike mpaka matikiti yaingie ndani." Nikakubali. Nikawadanganya wanawe, nikawadanganya ninyi. Matikiti yakaingia. Akasema, mpaka tuyakaushe. Tukayakausha. Mpaka tuvune pamba. Mpaka baridi ipungue. Kila jambo lilikuwa na jambo nyuma yake, na mimi sikumsukuma. Alikuwa anakula, Kambarali. Alikuwa anakula supu yangu na kuisifu, nami nilipenda kumtazama. Kisha siku moja hakula, na hospitali tukafika tumebeba mtu aliyekwisha.

Sisemi dripu zingemponya. Labda zisingemponya. Na mapumziko sikuyalaumu hata siku moja. Miezi ile ilikuwa mizuri. Ninachojilaumu ni kwamba hatukumwambia mtu yeyote, kwa hiyo hakuwako mtu wa kutuambia sasa rudini. Maumivu ya mwisho aliyala makavu, bila dawa.

Sasa nijibu wewe, bingwa wa Bahari ya Barafu. Mpishi akishafunika karai, anazima moto? Anakwenda zake kituo cha mabasi? Sivyo nilivyokuona ukifanya miaka hamsini. Unavuta kuni, unaacha makaa, unaketi palepale na saa mkononi, na atakayekugusa unamfukuza kwa upawa. Hiyo ndiyo dam. Kufunika na kuondoka si dam, ni kuunguza.

Nenda kwa yule binti. Mwambie yote, hata paka. Umwombe mapumziko yenye tarehe.

Dada yako

*

Rishton, 26 Juni

Dada yangu,

Barua nimeichoma. Moshi wake umenitoa machozi, sina zaidi. Mwenyezi Mungu amrehemu Matyakub. Alinifundisha kuchagua tikiti kwa kulipiga konzi na kusikiliza, nami nikawaambia watu nimejifunza Bulgaria.

Jumatatu nilikwenda. Munavvara alikuwa akiandika. Hakuinua kichwa.

"Karibu, baba. Nilifikiri tumekuzika."

"Bado, binti yangu. Ulinipa dam, nikapata dam."

Hapo akainua. "Dam gani?"

"Si ulisema mwenyewe, nipate dam?"

"Nilisema ulale mchana, baba! Ulale mchana! Ulikuwa umekuja hapa umetoka kupika kwa watu mia!"

"Sasa mbona hukusema kulala?"

"Ningejua nasema na karai, ningetumia upawa!"

Dada, nimempenda. Angekuwa na mabega mapana ningemrithisha jiko.

Alinitoa damu chupa nne, akaniingiza kwenye ile mashine ya picha, akaniweka benchi saa tatu nijifunze adabu. Kisha akaja na karatasi. Mpangaji hajasogea. Hajapungua, hajasogea. Akaniambia wako wagonjwa ambao yeye mwenyewe huwapa mapumziko, ni jambo linalofahamika, halihitaji kituo cha mabasi. "Ungeniomba tu," akasema, na sauti ikamshuka. Nikamuuliza la ulimi. Akasema hawezi kuniahidi: utamu hurudi mapema, chumvi huchelewa, kwa wengine huchelewa sana. Na ganzi ya vidole inaweza hata kuongezeka kwanza.

Basi tumekubaliana. Napumzika mpaka Jumatatu tarehe 15 Julai, saa mbili na nusu asubuhi, kiti cha dirishani. Homa ikinishika, macho yakiwa ya njano, au tumbo likikaza, naenda siku hiyohiyo hata kama bibi harusi yuko mlangoni. Kaandika, kapiga muhuri. Karatasi imebandikwa kwenye friji, maana ilibidi nimwambie Robiya. Alinipiga na kandambili ya kushoto, akalia, akanipiga na ya kulia. Ya kuku ndiyo iliyomuuma zaidi.

Njoo harusini. Utakaa karibu na karai, umri wako unakuruhusu na hakuna mwanamume wa kukuondoa. Lakini sikia: karai ni langu. Mchuzi wa Rishton hauonjwi na ulimi wa Gurlan. Hapo sirudi nyuma hata nisukumwe na tingatinga.

Kambarali

*

Fergana, hospitali, kiti cha dirishani, 15 Julai

Dada,

Treni yako bado inakata jangwa, nami nakuandikia dripu ikiwa imetundikwa. Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Munavvara alitazama saa yake, akaitingisha, akadhani imeharibika.

Hivi uliona? Uliona? Kijiko kimoja! Nilionja mara moja tu, nikafumba macho, nikasema: "Tayari! Mchele uingie!" Mikono haisikii moto wala baridi, lakini ulimi, mashallah, ulirudi kama mwana mpotevu. Hakuna aliyekula kimya safari hii. Walikuwa wakigombania ukoko kama wabunge. Na sarkit! Karai liling'aa nikajiona uso! Hoji Vali alibeba vifuko viwili, akatoka, akarudi kuchukua cha shemeji yake, na shemeji mwenyewe alikuwa kabeba chake. Abdusattor alinikumbatia akalia, akasema, "Fundi, ile siku kwangu..." Nikamwambia kuni zako zilikuwa mbichi.

Zulhumor aliondoka na lile shela, nikakusudia kulia. Kisha nikaona masikio ya bwana harusi yamepenyeza jua kwa nyuma, mekundu kama taa, nikacheka mbele ya watu.

Umeona sasa? Ulimi wa Gurlan haukuhitajika.

Bingwa

*

Gurlan, 26 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama, magoti yamefika siku mbili baadaye. Matikiti yameanza. Mkwe wangu kaniuliza harusi ilikuwaje, nikamwambia nzuri, akasikitika.

Nilikusudia jambo hili niingie nalo kaburini. Lakini barua yako imeandikwa na jogoo, na jogoo wa namna hiyo lazima amwagiwe maji.

Mchuzi wako ulikuwa mtupu. Haukuwa na punje ya chumvi. Ulisahau kabisa, ukaonja, ukafumba macho kama shehe, ukasema tayari. Nilijua itakuwa hivyo. Ndiyo maana nilikuwa nimeficha mfuko wa kilo moja ya chumvi ndani ya joho. Ulipogeuka kumtukana Abdusattor kwa ajili ya kuni alizotuletea, nikachovya kidole nikaonja, nikamimina, nikaonja, nikamimina. Ilibaki konzi moja. Waliyoigombania watu wako kama wabunge ilitiwa chumvi na ulimi wa Gurlan.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini punguza.

Sanobar

*

Fergana, kiti cha dirishani, 5 Agosti

Dada yangu mkubwa, mama yangu wa pili,

Salamu. Hii ni Jumatatu ya pili, nimefika kabla ya wafagiaji. Kalamu naishika kama nguzo kwa hiyo herufi zinalewa, uzivumilie.

Nilikuwa nangoja uungame. Siku kumi na moja! Nimeshinda dau na Robiya, alisema hutaungama mpaka Idi.

Sasa niambie, Sanobar. Mwanamke gani mwenye akili anakuja kuketi mbele ya moto, mwezi wa saba, mbuzi wanahema, amevaa joho la baridi lililojazwa pamba? Jasho linakutiririka puani, unasema, "Nasikia ubaridi kidogo." Na lile joho limevimba ubavuni upande mmoja tu. Nikajiuliza: dada yangu kaiba mtoto? Kisha ukainama, nikasikia ile sauti, shwaa. Ulimi wangu kwa chumvi ulikuwa bado umekufa, lakini masikio yangu ni mazima. Ningeisikia chumvi hata chini ya maji.

Basi nikamwachia mwenye ulimi. Sikutia hata punje. Unadhani mtu aliyelisha manowari anaweza kusahau chumvi? Nikaonja, upande wa chumvi giza tupu, nikafumba macho ili usinione machoni, nikasema tayari. Halafu nikamgeukia maskini Abdusattor. Kuni zake zilikuwa kavu kabisa, dada. Nilimtukana kuni, nikamtukana shoka, nikafika kwa babu yake aliyepanda mti, na wewe bado hujamaliza kumimina! Nilikaribia kuishiwa matusi. Mimi!

Msumari umerudi mdomoni tangu wiki ya kwanza. Leo uko mwingi. Munavvara anasema Jumatatu nyingine tarehe 26, halafu picha, na mpangaji akiwa bado kafungiwa, nimwombe dam nyingine, kwa mdomo wangu, naye ataniandikia tarehe. Nimemwambia aandike kwa herufi kubwa, dada yangu anasoma kalenda.

Mke wa Zulhumor wa masikio, yaani mumewe, nimekosea, mkono huu, ana mdogo wake anayeoa wakati wa mavuno. Wameniomba nipike. Nimekubali.

Joho usilifue.

Kambarali